Sahani Isiyouzwa

Mtaa wetu huitwa Mafiga. Figa, kama ajuavyo kila aliyepata kuota moto wa jikoni, ni jiwe moja katika yale matatu yabebayo chungu. Na wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Nimesomesha lugha na fasihi ya Kiswahili kwa muda wa miaka kumi na sita, na methali hii nimeifafanua mbele ya wanafunzi mara nisizoweza kuzihesabu. Sina budi kukiri, hata hivyo, kwamba maana yake haikuniingia darasani. Iliniingia katika chumba cha mjomba wangu, wakati wa masika ya mwaka 2024, nilipokuwa nimepiga magoti sakafuni nikiokoa makaratasi yake yasilowe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Milima ya Uluguru ilijifunika mawingu siku nyingi mfululizo, na bati la nyumba ya mjomba, ambalo umri wake ni sawa na wangu, likashindwa na kazi yake. Tulihamisha kitanda, tukahamisha kabati, na nyuma ya kabati tukakuta mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na hati ya kiwanja, stakabadhi za kodi, vyeti vya kazi, picha ya marehemu mama yangu alipokuwa msichana, na sahani moja kubwa ya santuri ndani ya jalada la karatasi nene. Jalada lilikuwa na maandishi ya Kiitaliano, na picha yake ilikuwa ya mistari na maduara matupu, bila ya sura ya mtu.

Nilipoiona sahani ile nilitamani bati livuje zaidi, ili mjomba ashughulike na maji asinitazame usoni. Maana baina yangu na yeye palikuwa na jambo la sahani ambalo hatukulitaja kwa miaka kumi na tisa.

Msomaji asiyewajua Waluguru yafaa aelezwe kwamba sisi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwetu mjomba si mgeni aletaye zawadi siku ya sikukuu. Ni mzee wa nyumba, na mpwa ndiye mrithi wake. Desturi hii ina heshima nyingi, na kama desturi zote, mtu mwenye tamaa huweza kuigeuza kuwa kisingizio. Mwaka 2005 nilikuwa nikisoma shahada ya uzamili, na ada ilinielemea. Mjomba alikuwa amekwenda Matombo mazikoni. Siku zile zile alipita Morogoro mnunuzi mmoja kutoka Ulaya, kijana mpole, aliyekuwa akiulizia sahani za zamani nyumba kwa nyumba. Mjomba alikuwa na sanduku la mbao lenye sahani sitini na moja: za Cuban Marimba, za Morogoro Jazz, za Super Volcano, na za bendi nyingine za Dar es Salaam, Tabora na Nairobi. Santuri yake ilikuwa imenyamaza tangu zamani kwa kukosa sindano. Nilijiambia kwamba mali isiyotumika ni mzigo, na ya kwamba mali ya mjomba ni ya mpwa. Basi nikauza sanduku zima kwa bei ambayo naona haya kuiandika hapa.

Yule mnunuzi alizitazama sahani moja moja, akizipangusa vumbi kwa kitambaa taratibu, kama mtu apangusaye uso wa mtoto. Alipoifikia hii ya Kiitaliano alicheka, akaigeuza upande wa pili, kisha akanirudishia. Alisema kwamba hiyo si ya Afrika, naye hakuja kutafuta vitu vya Ulaya. Niliitupa juu ya kabati nikaisahau.

Mjomba aliporudi nilimwamkia, nikamweleza. Nilitazamia hasira, na hakika hasira ingenipunguzia mzigo. Alikaa kimya kitambo, halafu akasema, "Hukuniibia, mwanangu. Umeuza urithi wako." Kisha akaomba maji ya kunywa. Nililipa ada, nikapata shahada. Na miaka kadhaa baadaye nikapata udaktari kwa tasnifu juu ya utunzaji wa fasihi simulizi. Katika tasnifu ile niliwalaumu watu wengi kwa kutojali mali ya mababu. Jina langu halimo.

Sasa sahani ilikuwa mikononi mwangu tena, imehifadhiwa pamoja na hati ya kiwanja na picha ya dada yake. Mjomba aliitazama, akanitazama na mimi, lakini ya nyuma hakuyagusa. Alisema neno moja tu: "Tafuta sindano."

Santuri yenyewe ilikuwa bado chini ya kitanda. Fundi redio mmoja mzee, ambaye kibanda chake hakiko mbali na soko, aliifungua, akaisafisha, akabadilisha mkanda wake, na baada ya majuma mawili akaletewa sindano kutoka Kariakoo. Jioni moja mvua ilipopumzika tulikaa sebuleni, mjomba juu ya kiti chake na mimi juu ya mkeka, tukaiweka sahani.

Sijapata kusikia muziki wa namna ile ndani ya nyumba ya Mafiga. Ngoma zilianza peke yake, kavu na za haraka. Likafuata gitaa la besi, likitembea kwa maringo kama kijana mwenye viatu vipya. Juu yake kikaingia kinanda cha umeme, kile kiitwacho sinthesaiza. Chombo hicho hakina nyuzi wala hakipuliziwi. Huzaa sauti kwa mkondo wa umeme, na mpigaji huweza kuinyoosha sauti hiyo, kuikunja au kuitetemesha kwa kuzungusha vifundo. Mmarekani Robert Moog alianza kutengeneza vyombo vya aina hiyo mwaka 1964, na kufikia mwaka 1970 alikuwa amekwisha kutoa kidogo ambacho mtu mmoja aliweza kukichukua. Katika sahani yetu sauti ya kinanda hicho mara ilibubujika kama Mto Morogoro upitapo kati ya mawe, mara ilikwaruza kama chura wa masika. Kila kipande kilidumu kama dakika mbili, kisha kikakatika ghafula, kama mlango uliofungwa na upepo. Hakuna aliyeimba tangu mwanzo hata mwisho.

Mjomba alisikiliza pande zote mbili bila ya kusema. Mwisho alitikisa kichwa akasema, "Hawa wanamngoja mwimbaji, naye hafiki."

Baadaye nilisoma mengi juu ya muziki ule, lakini sijakuta maelezo yaliyoyashinda maneno hayo. Nina mwenzangu katika Chuo Kikuu cha Napoli "L'Orientale", mahali ambapo Kiswahili kimesomeshwa miaka mingi. Nilimpelekea picha ya jalada, naye akanijibu kwamba majina ya vipande hivyo si majina ya nyimbo, bali ni ya matumizi: kiwanda wakati wa usiku, magari mjini, chini ya bahari, kazi ya maabara. Chini kabisa paliandikwa kwamba sahani hiyo si ya kuuzwa. Na jina la mtungaji, alisema, huenda likawa la kubuni tu, maana ndivyo ilivyokuwa kawaida ya kazi hiyo.

Wenyewe huuita muziki wa maktaba. Hutungwa kabla ya kujulikana utatumika wapi, ukawekwa rafuni, na mtengenezaji wa filamu au wa kipindi cha redio anapohitaji huzuni ya dakika moja au haraka ya nusu dakika, huja akachagua, kama mtu achaguaye kitambaa dukani. Biashara hii ni ya zamani: kampuni ya De Wolfe ya London ilianzishwa mwaka 1909, zama za filamu zisizosema. Huko Italia ilistawi sana katika miaka ya 1960 na 1970, wakati studio za Roma zilipokuwa na njaa ya muziki isiyoshiba. Mtungaji mmoja mkubwa alikuwa Piero Umiliani, aliyezaliwa mwaka 1926 akafariki mwaka 2001. Alikuwa na studio yake mwenyewe mjini Roma, na sahani nyingine alizitoa kwa majina ya kubuni, kama Moggi na Zalla. Wimbo wake "Mah Nà Mah Nà", uliotokea katika filamu ya mwaka 1968, umechekesha watoto wa dunia nzima kupitia vikaragosi vya televisheni, na wengi wao hawajapata kulisikia jina lake. Kati ya sahani zake iko moja ya mwaka 1975 iitwayo "Continente nero", yaani Bara Jeusi. Hiyo ni Afrika iliyopigwa Roma na kuwekwa rafuni, tayari kwa yeyote atakayehitaji Afrika.

Sahani hizo zilifyatuliwa chache, zikapelekwa kwenye vituo vya redio na kwa watengenezaji wa filamu, wala hazikuwekwa madukani. Zilikusudiwa zisikike bila ya kusikilizwa. Lakini zamani zilipogeuka, wapenzi wa muziki wa Ulaya, Marekani na Japani walianza kuzitafuta kwa udi na uvumba. Leo sahani moja huweza kuuzwa kwa fedha nyingi, makampuni huzitoa upya, na wataalamu hubishana juu ya nani alipiga kinanda katika kipande gani.

Hapo ndipo moyo wangu ulipochomwa. Nilitoka nikawaza juu ya muziki wa mji wangu mwenyewe. Morogoro haikuwa mji mdogo katika jambo hili. Salum Abdallah aliiongoza Cuban Marimba hata alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na mapigo ya Kuba aliyavika Kiswahili kilichowaingia watu. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji ambaye baadaye alilifanya jina la bendi hiyo lijulikane Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda hata Japani, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka aliunda Super Volcano, na Januari 1979 alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya. Ni nani Mafiga asiyelijua jina lake? Wazee humwimba wakinyoa, na vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya kifo chake huzitambua nyimbo zake kwa mlio wa kwanza wa gitaa.

Nilizunguka mtaani juma zima nikibisha hodi na kuulizia sahani za zamani. Kila mahali nilipata hadithi, na mahali pengi nilipata nyimbo zilizoimbwa kwa mdomo pale pale barazani. Sahani sikupata hata moja. Nyingine zilivunjika, nyingine zilipindwa na jua, nyingine watoto walizirusha zikaruka kama tiara. Nyingine ziliuzwa na watu kama mimi. Basi mambo yamekuwa kinyume: muziki uliotengenezwa pasipo kutarajia msikilizaji umehifadhiwa kwa bidii, na muziki uliopendwa na kila mtu uliachwa ujitunze wenyewe. Tulidhani mapenzi ni hifadhi. Mapenzi ni mapenzi tu, na hifadhi ni kazi.

Si haki kusema kwamba hakuna kilichobaki. Redio Tanzania ilirekodi bendi nyingi, na kanda zake ni hazina ya taifa. Na baadhi ya nyimbo za Cuban Marimba zimetolewa upya na kampuni ya Ujerumani. Wala si haki kumlaumu yule mnunuzi mpole. Alilipa nilichotaka. Kama asingekuja, huenda mvua ya mwaka 2024 ingelikuta sanduku na kulimaliza. Nimejaribu mara nyingi kumfanya mwizi, ili mimi niwe aliyeibiwa, nimeshindwa. Yeye alijua alichokishika mkononi, na mimi, mwenye nacho, sikujua. Mafiga ya sanaa ni matatu: mtungaji, msikilizaji na mtunzaji. Mji wetu ulikuwa na mawili ya kwanza, tena imara kabisa. La tatu tulimwachia mpita njia, kisha tunashangaa kwa nini chungu kimeliwa mbali.

Siku moja nilipata ujasiri nikamwuliza mjomba sahani ya Kiitaliano ilimfikaje. Alifurahi kuulizwa. Alianza mbali, kama wafanyavyo wazee wanaojua kusimulia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, njia ya mafuta ya Zambia iliingia mashakani, na ndipo likajengwa bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likipita katika mkoa wetu. Lilianza kazi mwaka 1968, na waliolijenga walikuwa Waitaliano. Mjomba aliajiriwa akiwa kijana, mlinzi kwanza, kisha msaidizi wa mafundi. Baada ya miaka michache akafanya kazi na fundi mmoja Mwitaliano aliyekuja kutazama mitambo.

"Mtaliani yule alikuwa mpenda dansi," alisema mjomba. "Jumamosi hakosi. Hajui Kiswahili ila maneno ya kazi na maneno ya nyimbo. Siku ya kuondoka alinijia akaniomba sahani moja ya Morogoro Jazz ambayo madukani ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nayo moja tu. Nikampa. Naye akanipa hii, akasema ndugu yake hupiga muziki huu, na hata kwao haiuzwi."

"Ulimpa moja uliyokuwa nayo, mjomba?"

"Nilimpa aitunze. Na yeye alinipa niitunze."

Nikafahamu kwa nini sahani ile aliiteremsha juu ya kabati na kuiweka pamoja na hati ya kiwanja. Katika lugha yetu kitu cha namna hiyo huitwa amana. Nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba neno hilo limetoka katika Kiarabu, ya kwamba ni jamaa ya neno imani, na ya kwamba hutumika kwa mali ya mtu mwingine unayoiweka mpaka airudie. Mjomba, ambaye hakupita darasa la nane, ameiweka amana ya mtu asiyejua kama yu hai, kwa zaidi ya miaka hamsini, katika nyumba yenye bati linalovuja. Na mimi niliyepewa sahani sitini na moja sikuziweka.

Nilitaka kumwomba radhi siku ile, lakini radhi ya maneno ilinionekana nyepesi. Badala yake nilinunua daftari kubwa. Nilimwambia mjomba kwamba sahani hatutazipata, lakini orodha yake tunaweza kuipata, kama atakubali kukumbuka nami nikaandika. Alikubali kwa sharti moja: santuri iwe inalia. Alisema kimya humsahaulisha.

Kwa kuwa sahani tuliyo nayo ni moja, tunaiweka hiyo hiyo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana ngoma kavu huanza, gitaa la besi hutembea, kinanda cha umeme hububujika. Na mjomba hufumba macho, akatafuta. Wakati mwingine hupita upande mzima bila ya neno. Wakati mwingine wimbo humjia wote, na jina la bendi, na duka alikoununua, na msichana aliyekuwa naye siku hiyo, ambaye huniomba nisimwandike. Mpaka leo tumeandika sahani arubaini na tatu. Nimewaonyesha wanafunzi wangu daftari hilo na kuwaeleza lilivyopatikana, pamoja na yale ya mwaka 2005. Kulikuwa na kimya darasani, kisha msichana mmoja akasema kwamba bibi yake ana sanduku Kilosa, na ataandika barua leo asiliuze. Watatu wengine wamekwisha kuleta orodha za nyumbani kwao.

Mjomba alisisitiza jambo moja katika kuhesabu. Nilipoandika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba sahani zilikuwa sitini na moja, alinisahihisha: ni sitini na mbili. Ile ya Mtaliani nayo ni yake, alisema, na hiyo haikupotea. Iko nyumbani kwa mtu Italia, kama hii ilivyo nyumbani kwa mtu Mafiga. Sikubishana naye. Niliiandika kwa wino, na mahali pa kuonyesha ilipo nikaandika: amana.

Jumapili iliyopita, katika kipande kile kinachoitwa kiwanda wakati wa usiku, alianza kuimba. Sauti yake ni ya mzee, lakini mapigo aliyashika vizuri. Ulikuwa wimbo wa Morogoro ambao sikuujua, na maneno yake yalilala juu ya kinanda cha Roma kana kwamba mahali hapo palikuwa pameachwa wazi kwa ajili yake. Nilichukua kalamu nikaandika. Kipande kilipokatika ghafula kama ilivyo desturi yake, beti zilikuwa hazijaisha. Nikainuka, nikarudisha sindano mwanzo.